VLC, MPC-HC, mpv, PotPlayer au Kodi: ipi ya kutazamia filamu kwenye kompyuta?

Umepewa filamu kwenye flashi. Unaibofya, sauti inatoka safi, lakini skrini ni nyeusi tii. Siku nyingine picha inakuja bila sauti. Siku nyingine tena kinachomoza kidirisha kinachokuelekeza dukani ukanunue kiendelezi, yaani kijiprogramu cha nyongeza, kwanza. Wengi wetu hapo humgeukia aliyetupa filamu, "umenipa faili mbovu," na faili yenyewe haina hata mkwaruzo. Programu iliyokuja na kompyuta ndiyo haijui kuisoma.

Hilo la kununua si mzaha. Microsoft huuza kiendelezi cha video za HEVC, namna mojawapo ya kubana video, katika duka lake kwa senti 99 za dola, ilhali programu zote nitakazozitaja hapa hufungua video hizohizo bila kukudai chochote. Kwa hiyo swali si kama utapata programu ya bure itakayocheza filamu yako. Utapata, tena zaidi ya moja. Kazi ni kujua ipi itakuondolea kero uliyo nayo wewe, maana kero hazifanani: mmoja kompyuta yake imezeeka, mwingine manukuu (yale maandishi ya mazungumzo chini ya picha) yanamkimbia, wa tatu ana filamu mia tano na hajui ipi iko folda gani.

Nianze na jambo moja dogo linalopoteza watu. Herufi za mwishoni mwa jina la faili, .mkv au .mp4, hutaja kasha tu. Ndani ya kasha mna picha iliyobanwa kwa namna yake, sauti iliyobanwa kwa namna nyingine, na pengine manukuu ya lugha tatu au nne. Namna ya kubana na kufungua ndiyo tunayoiita kodeki. H.264 ya mwaka 2003 hufunguliwa na karibu kila kifaa chenye skrini. H.265, ndiyo hiyo HEVC, ilikuja mwaka 2013 na inaweza kuipunguza faili hadi karibu nusu bila macho kuona tofauti, lakini kuifungua ni kazi nzito zaidi. AV1 ni ya 2018. Ndiyo maana faili mbili za .mkv zilizokaa folda moja, moja inateleza na nyingine inakwama. Mtu akikuambia "kompyuta yangu haikubali MKV", muulize ndani mna nini.

Zamani dawa ilikuwa kusakinisha furushi la kodeki, kisha furushi la pili likagombana na la kwanza, kisha ukaishia kusakinisha Windows upya. Siku hizi huna haja. Programu nzuri hubeba kodeki zake tumboni.

Bure ya nani?

VLC, MPC-HC, mpv na Kodi ni programu huria. Msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuendeleza kazi pale wa kwanza alipochoka. PotPlayer ni bure kwa maana ya kwamba hulipi, basi. Ni mali ya Kakao, kampuni ya Korea Kusini, na msimbo wake umefungwa. Halafu kuna bure ya tatu, ile ya kulipia kwa macho: GOM Player ina toleo la bure lenye matangazo na toleo la kulipia lisilo nayo. Sina ugomvi na anayeuza bidhaa yake, ila matangazo ndani ya programu ya kutazamia filamu, wakati zipo nne tano zisizo nayo, mimi siyaonei sababu. Nimeiacha nje ya ulinganisho huu.

Tofauti ya huria na bure tupu huonekana pale mradi unapokufa. Utaiona kwa MPC-HC hivi punde.

VLC, ile yenye koni

Ukimwambia mtu "weka programu ya video", tisa kati ya kumi wataelewa VLC, hata kama jina hawalijui na huiita tu "ile yenye koni ya barabarani". Ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris waliotaka kurusha televisheni kwenye mtandao wa chuo. Wanafunzi wa chama cha mtandao chuoni hapo walikuwa na tabia ya kuokota koni za barabarani, ndiko ilikotoka ikoni. Tarehe 1 Februari 2001 msimbo ukafunguliwa kwa wote, na leo unaangaliwa na shirika lisilo la faida, VideoLAN. Mwanzoni mwa 2025 shirika hilo lilitangaza kwamba VLC imepakuliwa mara bilioni 6. Rais wake, Jean-Baptiste Kempf, amewahi kusema hadharani kwamba alikataa makumi ya mamilioni ya euro ya watu waliotaka kuweka matangazo humo. Ukiitumia bila kuona tangazo hata moja, ujue kuna mtu alisema hapana.

Uzuri wake ni kwamba haichagui. DVD ya zamani, faili iliyopakuliwa nusu, anwani ya kituo cha redio, sauti iliyorekodiwa kwa simu, vyote inavijaribu. Ipo kwenye Windows, macOS, Linux, Android na iOS, kwa hiyo ukiizoea mahali pamoja umeizoea kote. Faili ya kusakinisha kwenye Windows haifiki MB 50. Na ina vyumba vya ndani ambavyo wengi hawajawahi kuvifungua: bonyeza Ctrl+R upate sehemu ya kubadilisha video kutoka namna moja hadi nyingine, au Ctrl+N ubandike anwani ya matangazo ya moja kwa moja ya intaneti.

Ubaya wake ni huohuo wingi. Mipangilio yake ina sura mbili, ya kawaida na ya "yote", na hiyo ya pili ni msitu. Ukiingia bila kujua unachotafuta utatoka umebadilisha usichokikusudia. (Kuna kitufe cha kurudisha mipangilio ya mwanzo chini kushoto. Kikumbuke.) Kuruka mbele na nyuma kwenye baadhi ya faili kuna uzito kidogo ukilinganisha na mpv. Na sura yake, tuseme ukweli, haijavutia mtu kwa muda mrefu.

MPC-HC: sura ya bibi, miguu ya kijana

Ukiifungua mara ya kwanza utadhani umerudi enzi za Windows 98, na hujakosea sana: Media Player Classic ilitengenezwa mwaka 2003 ifanane na Windows Media Player 6.4. Menyu ya kijivu, vitufe vidogo, hakuna urembo. Tawi lake la Home Cinema, ndilo hilo HC, lilianza 2006. Chini ya hiyo sura mna LAV Filters, vifunguzi vya video vinavyoheshimika sana kwenye Windows, na programu nzima inafunguka kabla hujaondoa kidole kwenye kipanya.

Hapa ndipo kuna mtego. Julai 2017 timu yake ilitangaza kwamba toleo la 1.7.13 ndilo la mwisho; hawakuwa na watu wa kutosha kuendelea. Ingekuwa programu iliyofungwa, ungekuwa mwisho wa hadithi. Kwa kuwa ni huria, mtengenezaji anayejulikana mtandaoni kama clsid2 aliuchukua msimbo na anauendeleza mpaka leo kwenye ukurasa wake wa GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo. Kwa hiyo ukikuta tovuti inakupa 1.7.13, ujue unapewa chakula cha mwaka 2017. Geuka.

Ni ya Windows peke yake. Wenye Mac na Linux, pita.

mpv: dirisha tupu

Ukifungua mpv bila faili unapata dirisha jeusi linalokuambia udondoshee kitu. Hakuna menyu juu, hakuna orodha pembeni. Ukisogeza kipanya chini unatokea ukanda mwembamba wa kucheza, kisha unapotea. Ukoo wake ni MPlayer iliyoanza mwaka 2000. Mpv ilichipuka humo mwaka 2012 na tangu hapo inaongozwa kwa kibodi na kwa faili moja ya maandishi iitwayo mpv.conf. Watu hukimbia wakisikia hivyo. Lakini hebu tazama, hii ndiyo mipangilio yangu yote:

hwdec=auto-safe
save-position-on-quit=yes
sub-auto=fuzzy
slang=sw,swa,en,eng

Mstari wa kwanza unaikabidhi kadi ya grafiki kazi ya kufungua video. Wa pili unakumbuka nilipoishia. Wa tatu unaokota manukuu hata kama jina lake halijafanana kikamilifu na la filamu. Wa nne unasema: kama kasha lina manukuu ya Kiswahili, anza nayo, yakikosekana weka ya Kiingereza. Mistari minne, dakika mbili, na sijaigusa tena. Kwenye Windows faili hiyo hukaa ndani ya folda ya mpv iliyo chini ya AppData/Roaming. Kwenye Linux na Mac ni ~/.config/mpv.

Kwa ubora wa picha, hasa kuikuza video ndogo kwenye skrini kubwa na kuzishusha rangi za HDR (video zenye mwangaza na rangi pana kuliko kawaida) kwenye skrini ya kawaida, kura yangu ni ya mpv kati ya zote hapa. Asiyetaka kuhariri faili ya maandishi ana njia ya pili: programu zinazoivika mpv nguo. SMPlayer ipo kwa Windows na Linux, ina menyu kamili, na hukumbuka mipangilio ya kila faili uliyocheza. Kwa Linux kuna pia Celluloid na Haruna. Kwa Mac kuna IINA, na kama una Mac nisikuchoshe: chukua IINA. QuickTime iliyokuja na mashine haifungui MKV, na IINA inafanana na programu nyingine za Mac kiasi kwamba utasahau kuwa ndani yake ni mpv.

PotPlayer

Windows tu. Aliyeitengeneza ndiye aliyeanzisha KMPlayer, programu nyingine ya video, kabla haijauzwa, na inaonekana aliamua safari hii hakuna kitakachosahaulika. Bofya kulia katikati ya video uone: menyu ndani ya menyu ndani ya menyu. Alama za kurukia sehemu za filamu, picha ndogo unapopitisha kipanya kwenye ukanda wa muda, vichujio vya kila rangi. Anayependa kuchezea mipangilio atafurahi mwezi mzima. Anayetaka kutazama filamu tu, si lazima. Na kama huria ni sharti kwako, jibu umeshalipata.

Kompyuta ya zamani

Hapa ndipo ushauri mwingi wa mtandaoni hukosea. Mtu anauliza programu nyepesi kwa ajili ya kompyuta iliyochoka, anatajiwa jina, anasakinisha, filamu inakwama vilevile. Sababu ni kwamba uzito mkubwa haumo kwenye programu. Umo kwenye kufungua video, na swali la kwanza ni nani anaifungua: kadi ya grafiki, ambayo ina sehemu maalumu ya kazi hiyo, au prosesa kwa jasho lake.

Fanya jaribio hili kwenye Windows. Anzisha filamu inayokusumbua, kisha fungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc, uende kwenye kichupo cha utendaji (Performance), ubofye GPU, ndiyo kadi ya grafiki. Tafuta mchoro ulioandikwa Video Decode. Ukipanda filamu inapocheza, kadi inafanya kazi. Ukilala chini kwenye sifuri huku CPU, ndiyo prosesa, imepanda hadi asilimia 90 na feni inavuma kama imepagawa, ni prosesa inayobeba mzigo peke yake. Kwenye mpv ni rahisi zaidi: bonyeza i ndogo filamu ikiendelea, na maandishi yatakutajia kodeki, kama kadi inatumika, na fremu ngapi, zile picha moja moja zinazounda video, zimedondoka njiani. Ctrl+h huwasha na kuzima msaada wa kadi palepale, uone tofauti kwa macho. VLC nayo ina takwimu zake kwenye Ctrl+J.

Kisha linganisha na umri wa mashine. Kwa prosesa za Intel, kizazi cha 6 ndicho kilichoanza kufungua HEVC ya kawaida kwa ukamilifu ndani ya kadi yake. HEVC ya biti 10, yenye ngazi nyingi zaidi za rangi na ambayo ndiyo imejaa siku hizi, ilisubiri kizazi cha 7. AV1 ikasubiri cha 11. Kama yako ni ya kizazi cha 4 na filamu ni HEVC ya biti 10, hakuna programu duniani itakayoamsha sehemu isiyokuwepo. Nafuu unayoweza kupata ni ndogo: mpv ikianzishwa na profile=fast huacha urembo wote wa picha na kubakiza nguvu kwa ajili ya kufungua, na MPC-HC haina mengi ya kubeba tangu mwanzo. Hizo mbili ndizo ningezijaribu. Lakini dawa ya kweli ni kutafuta filamu ileile katika H.264, au kwa ukubwa wa 720 badala ya 1080. Ya H.264 itakuwa nzito kwenye diski, ila nyepesi kwenye prosesa.

Kama mashine ni mpya, ruka yote hayo. Zote tano zitateleza.

Manukuu, na hapa nitakaa

Mtu anaweza kuvumilia picha hafifu. Manukuu yanayochelewa sekunde mbili hayavumiliki: mhusika ameshapigwa risasi ndipo maandishi yanamwambia ajifiche.

Kama manukuu yamechelewa au kuwahi kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, vitufe vinatosha. Hivi ni vya Windows na Linux, jinsi vinavyokuja kabla hujabadilisha kitu:

| | VLC | MPC-HC | mpv |
|---|---|---|---|
| Wahisha manukuu | G | F1 | z |
| Chelewesha manukuu | H | F2 | Z kubwa |
| Kila bonyezo | sekunde 0.05 | sekunde 0.5 | sekunde 0.1 |
| Badili manukuu | V | S | j |
| Badili sauti | B | A | # |

Angalia mstari wa tatu. Manukuu yaliyochelewa sekunde mbili ni mabonyezo 4 kwenye MPC-HC, 20 kwenye mpv na 40 kwenye VLC. Kwa upande mwingine, hatua ndogo ya VLC hukuwezesha kupachika neno mdomoni kabisa. Kwa kuchelewa kukubwa, kwenye VLC usihesabu mabonyezo. Fungua menyu ya Tools, uingie Track Synchronization, uandike namba. Na mpv ina ujanja ambao ndio ulionifanya nihamie huko: Ctrl+Shift+mshale wa kushoto au wa kulia huyasogeza manukuu ili mstari unaofuata au uliopita uangukie hasa sekunde hii. Unasubiri mtu aanze kusema, unabonyeza, yamekaa.

Kuna ugonjwa wa pili unaofanana na wa kwanza kwa macho. Unayarekebisha manukuu mwanzoni yanakaa sawa, baada ya dakika kumi yameachana tena na sauti. Hapo yaliandaliwa kwa ajili ya filamu inayokwenda kwa fremu 25 kwa sekunde na yako ni ya 23.976, au kinyume chake. Tofauti ni kama asilimia 4: ndani ya dakika 10 zinapotea sekunde 25, na kwenye filamu ya dakika 100 ni dakika 4 na ushee. Kuchelewesha hakusaidii, lazima ubadilishe mwendo. VLC ina nafasi ya kuandika mwendo wa manukuu kwenye dirisha lilelile la Track Synchronization, mpv ina sub-speed. Rahisi kuliko yote ni kutafuta manukuu mengine yaliyoandaliwa kwa toleo la filamu ulilo nalo. VLC inakusaidia hapo: kwenye menyu ya View kuna VLSub, inatafuta na kupakua bila kuondoka kwenye filamu.

Ugonjwa wa tatu tunaujua vizuri sisi tunaosoma Kiswahili. Unafungua manukuu, badala ya "ng'ombe" unaona "ngâ€™ombe". Mwandishi alitumia ile ritifaa iliyopinda na kuihifadhi faili kwa UTF-8, mpangilio wa herufi wa siku hizi, programu ikaisoma kwa mpangilio wa zamani wa Windows. Kwenye VLC nenda kwenye mipangilio ya manukuu, ubadilishe usimbaji wa kawaida uwe UTF-8, kisha ufungue filamu upya. mpv hukisia yenyewe na mara nyingi inapatia.

Maandishi yakifunika sura za watu, r kwenye mpv huyapandisha. Na kwa anayejifunza lugha, mpv na PotPlayer huonyesha manukuu mawili kwa wakati mmoja, moja juu na jingine chini. Kwenye mpv ni chaguo la secondary-sid. VLC haina njia nyepesi ya kufanya hivyo, na kwa mwanafunzi wa lugha hilo peke yake linaweza kuamua.

Lolote utakalotumia, ipe faili ya manukuu jina lilelile la filamu na uziweke folda moja. Safari.mkv na Safari.srt. Zitaonana zenyewe.

Watu wananong'ona, mabomu yanapasua masikio

Filamu nyingi hubeba sauti ya njia 5.1, na maneno ya wahusika hupitia spika ya katikati. Kompyuta yako ina spika mbili na hiyo ya katikati haipo, kwa hiyo mazungumzo yanasukumwa pembeni na kuzama chini ya muziki. Kupandisha sauti yote, VLC hadi asilimia 125 au mpv hadi 130, kunapandisha na mabomu pia.

Unachotaka ni kupunguza pengo kati ya kunong'ona na kelele. VLC: Tools, Effects and Filters, kisha kichupo cha Compressor, weka alama. mpv: mstari mmoja kwenye mpv.conf, af=lavfi=[dynaudnorm]. MPC-HC ina kisanduku cha Normalize kwenye mipangilio ya sauti. Kwa hili VLC ndiyo rahisi zaidi kwa mtu wa kawaida, kwa sababu unasikia mabadiliko huku unasogeza vitelezi.

Mdogo wangu aliniita usiku mmoja: "Kaka, hawa watu wanasema kabla hawajafungua mdomo!" Ilikuwa sauti imetangulia picha. Kwenye VLC J huiwahisha sauti, K huichelewesha. Nikabonyeza K mara nne, milisekunde 200, midomo na maneno vikakutana. Aliniuliza nimejifunzia wapi. Kwa kukereka tu.

Ukiwa na filamu mia tano

Kodi si mshindani wa hizo nyingine hasa. Ilizaliwa kama XBMC kwenye mashine ya michezo ya Xbox, ikabadilishwa jina mwaka 2014, na imeundwa kuendeshwa ukiwa umekaa mbali kwenye kiti, rimoti mkononi. Unaionyesha folda, inapitia majina, inaleta bango la kila filamu, muhtasari, mwaka na waigizaji. Inakuonyesha ulizotazama na ulizoachia katikati. Lakini inakutaka adabu: faili liitwe jina la filamu na mwaka kwenye mabano, kitu kama "Safari Ndefu (2015).mkv". Ukiwa na mafaili yanayoitwa "movie_final2_NEW", andaa Jumamosi nzima ya kuyabatiza.

Kodi huja tupu, haina filamu hata moja ndani. Ukiona kifaa kinauzwa kwa ahadi ya "Kodi yenye filamu zote", kilichowekwa humo ni viongezi vya watu wengine, na watengenezaji wa Kodi wenyewe wamevikana mara nyingi. Kama filamu ziko kompyuta moja na watazamaji wako kwenye simu na televisheni za nyumba nzima, angalia Jellyfin, huria pia, iliyojitenga na Emby, programu nyingine ya kazi hiyo, mwishoni mwa 2018. Hiyo ni seva, inataka kompyuta iliyowashwa.

Filamu ulizopakua ndani ya programu za kulipia za mtandaoni hazitafunguka kwenye yoyote kati ya hizi. Zimefungwa kwa ufunguo wa kampuni husika.

Basi unasakinisha ipi?

Kwenye kompyuta ya mtu mwingine, mzazi, mwalimu, rafiki asiyetaka maswali, naweka VLC bila kufikiri mara mbili. Akinipigia simu nitajua kitufe kiko wapi, na mtu yeyote atakayekuwa karibu naye atajua pia. Kwenye kompyuta ya zamani ya Windows naweka MPC-HC ya clsid2. Kwenye yangu ni mpv, na VLC iko pembeni kwa ajili ya DVD na kubadilisha video. Kuwa na mbili hakuna ubaya, hazigombani. Kodi ni pale tu kompyuta imeunganishwa na televisheni na imekuwa ya kazi hiyo.

Usiamini hata upendeleo wangu. Chagua faili yako sugu kuliko zote, ile inayokwama au yenye manukuu yaliyopinda, uijaribu kwenye mbili kati ya hizi kwa dakika kumi kila moja. Faili nzuri haitakufundisha kitu, kwa sababu itacheza vizuri kote.

Mahali pa kupakua ni videolan.org, mpv.io, iina.io, kodi.tv, jellyfin.org, na ukurasa wa GitHub wa clsid2 kwa MPC-HC. Andika anwani mwenyewe. Niliwahi kuwa na haraka, nikatafuta jina la programu na kubofya jibu la kwanza lililokuwa juu, ambalo kumbe lilikuwa tangazo. Programu nilipata, pamoja na kivinjari kilichobadilishwa ukurasa wa mwanzo na "kisafishaji" kilichonitisha kila asubuhi kwamba kompyuta yangu ina matatizo 1,300. Ilinichukua jioni nzima kukitoa.

Ukishasakinisha, bofya kulia faili ya .mkv, chagua Open with, uteue programu yako, na uweke alama ya kuitumia daima. Rudia kwa .mp4, maana Windows huzihesabu mbali mbali, na usipofanya hivyo kesho utabofya filamu na kile kidirisha cha senti 99 kitakuwa kinakusubiri palepale.